Wiki moja vijijini Ufaransa: mapango, ngome na mto wa Dordogne

Ukitaka kuiona Ufaransa ya vijijini, weka kando ramani ya nchi nzima. Chagua bonde moja, tafuta nyumba, kaa hapo wiki. Wageni wengi hufanya kinyume: usiku mmoja huku, usiku mmoja kule, mchana mzima barabarani, na wakirudi nyumbani hawakumbuki ngome ipi ilikuwa wapi.

Bonde ninalolipendekeza liko kusini magharibi, katika mkoa wa Dordogne, ambao wenyeji bado wanauita kwa jina lake la kale, Périgord. Mito miwili inapita hapo, Vézère na Dordogne, na inakutana penye kijiji cha Limeuil. Mahali pa mwendo wa gari usiozidi saa moja utakuta mapango yenye michoro ya watu walioishi kabla ya kilimo, ngome zilizopigana katika Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza, vijiji vilivyojibana chini ya majabali, na mto mpole ambao hata mtu asiye mzoefu anaweza kuupigia kasia.

Mwongozo huu nimeupanga kwa kuanza na lililo gumu kupatikana.

Kwanza, tarehe

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti Ufaransa nzima iko likizo. Barabara ya kando ya mto inajaa magari, na bei za nyumba zinapanda. Januari mambo ni kinyume: vivutio vingi vimefungwa, mikahawa imefungwa, na ukungu unashinda bondeni hadi saa sita mchana. Mei nayo ina mtego wake. Tarehe 1 na 8 ni sikukuu, na mara nyingi Sikukuu ya Kupaa inaangukia mwezi huohuo, kwa hiyo Wafaransa wenyewe wanaunganisha siku na kumiminika mashambani. Wikiendi ya tatu ya Septemba ni Siku za Urithi, zilizoanza mwaka 1984. Majumba mengi hufunguliwa bure au kwa bei ndogo, yakiwemo mengine ambayo siku za kawaida huingii.

Viza na karatasi

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) aruke sehemu hii. Anayeishi Uingereza na pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo asiruke, kwani kibali cha Uingereza hakimwingizi Ufaransa.

Maombi ya viza ya muda mfupi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Ukienda kulala kwa ndugu au rafiki, mwenyeji wako anatakiwa kuomba hati ya kukupokea iitwayo attestation d'accueil katika ofisi ya meya wa mji wake, na kwingine ofisi hizo zinafanya kazi kwa miadi, kwa hiyo mwambie mapema. Ukilala hotelini au nyumba ya kupanga, chagua ile inayokuruhusu kufuta bila kulipa, hadi viza itakapotoka.

Tiketi za mapango: hapa ndipo safari inapoharibika

Bonde la Vézère liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, maeneo 15 kwa pamoja. Huna haja ya kuyaona yote. Chagua matatu, na uyapange kabla hujapanga kitu kingine chochote, maana ngome haziishiwi na nafasi lakini mapango yanaishiwa.

Lascaux ndilo jina ambalo kila mtu amelisikia. Septemba 1940 kijana wa miaka 18, Marcel Ravidat, aliingia kwenye shimo msituni juu ya mji wa Montignac pamoja na wenzake watatu, wakakuta kuta zimejaa mafahali, farasi na kulungu waliochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita, na wataalamu wengine wanasema zaidi. Pango likafunguliwa kwa umma baada ya vita. Pumzi za maelfu ya wageni zikaleta unyevu na hewa chafu, mwani wa kijani ukaanza kuota ukutani, na mwaka 1963 waziri wa utamaduni André Malraux akalifunga. Tangu hapo mgeni wa kawaida haingii.

Unachokiona leo ni nakala. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983. Ile kamili, inayoitwa Lascaux IV, mwaka 2016, chini ya kilima hichohicho. Najua neno nakala linawakatisha tamaa watu. Wakatae tu kununua tiketi, wataacha nafasi kwa wengine. Kazi yenyewe imefuata kila mkunjo wa mwamba, na unaposimama chini ya fahali mwenye urefu wa zaidi ya mita tano unaelewa kwamba mchoraji alitumia uvimbe wa jiwe kumpa mnyama bega. Hilo picha ya kitabuni haikuonyeshi. Nunua tiketi mtandaoni, na uangalie lugha ya ziara kabla ya kulipa, kwa sababu makundi ya Kiingereza ni machache kuliko ya Kifaransa.

Sasa nenda kwenye michoro halisi. Font-de-Gaume, nje kidogo ya kijiji cha Les Eyzies, ni miongoni mwa mapango ya mwisho Ufaransa yenye michoro ya kale ya rangi zaidi ya moja ambayo umma bado unaruhusiwa kuingia. Yalitambuliwa na wataalamu Septemba 1901, pango hilo na jirani yake Combarelles, ndani ya siku chache, na mmoja wa waliohusika alikuwa mwalimu wa shule wa hapo kijijini, Denis Peyrony. Wanaingia watu wachache sana kwa siku, katika makundi madogo, ili hewa isibadilike. Ukipata nafasi hapa, badilisha ratiba yote iliyobaki kuifuata. Ukikosa, jaribu Combarelles: humo karibu yote ni michongo, na mwongozaji anaizungushia taa ya mkononi mpaka sura ya farasi inajitokeza kwenye ukuta uliodhani ni mtupu. Mimi naipenda kuliko Lascaux IV, lakini siwezi kumshauri mtu mwenye hofu ya mahali pembamba.

Pango la tatu ni Rouffignac. Hili linafaa familia, kwa sababu unaingia kwa treni ndogo ya umeme. Ni pango refu, njia zake zikijumlishwa zinafika kilomita nane, na wenyewe hasa ni mamothi, wale ndovu wa kale wenye manyoya: wapo zaidi ya 150. Kwenye dari utaona pia majina ya watu yaliyoandikwa kwa moshi karne za nyuma, na wageni hao walijiandika bila aibu juu ya wanyama. Sakafuni kuna mashimo ya vitanda vya dubu waliolala humo majira ya baridi. Rouffignac hufungwa majira ya baridi hadi masika.

Aliyewahi kufika Kolo, kule Kondoa, amezoea michoro iliyo kwenye miamba ya wazi, jua linaipiga. Huku watu walitambaa hadi kwenye giza totoro, wakiwashia taa za mawe zilizotumia mafuta ya wanyama. Moja ya taa hizo ilikutwa Lascaux, na Jumba la Taifa la Historia ya Kale, Les Eyzies, ndipo pa kuona vifaa vya namna hiyo: visu vya gumegume, shanga, pembe zilizochongwa. Jumba linafungwa Jumanne isipokuwa Julai na Agosti, na Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure. Kijijini hapohapo, mwaka 1868, ilifukuliwa mifupa ya watu waliokuja kuitwa Cro-Magnon.

Mambo madogo ya pangoni: joto ni kama nyuzi 13 mwaka mzima, kwa hiyo beba sweta hata Julai. Picha haziruhusiwi kwenye mapango yenye michoro. Begi kubwa litabaki nje. Fika mapema kabla ya saa ya tiketi, kwani kundi likishaingia hakuna wa kukufungulia.

Kufika, na suala la gari

Kutoka Paris, stesheni ya Montparnasse, treni ya kasi inafika Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache. Hapo unabadilisha na kupanda treni ya mkoa inayofuata mto hadi Sarlat, karibu saa tatu kwa mwendo wa kusimamasimama. Anayeelekea Les Eyzies anapitia Périgueux. Treni za mkoa ni chache kwa siku, hasa Jumapili. Tazama ratiba ya siku yenyewe unayosafiri.

Nitasema wazi: bila gari utaona nusu ya haya. Kodi gari Bordeaux, Périgueux au Brive, na kama hujazoea gia za mkono weka oda ya otomatiki mapema maana ni chache. Leseni ya nchi zetu iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya Kifaransa.

Wanaendesha kulia. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia, na walio ndani tayari ndio wenye haki ya kupita. Kanuni inayowatia wageni matatani ni nyingine: ndani ya vijiji, pasipokuwa na alama yoyote, gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita, hata likitokea kichochoroni. Ukiona alama ya almasi ya njano, barabara uliyomo ndiyo yenye haki. Almasi ikikatwa na mstari mweusi, haki hiyo imeisha. Kibao chenye jina la kijiji maana yake ni mwendo wa kilomita 50 kwa saa kuanzia hapo, hata pasipoandikwa namba, na kibao hichohicho kikiwa na mstari mwekundu ni mwisho wa kijiji. Nje, barabara nyingi za njia mbili ni 80. Dizeli imeandikwa gazole. Usijichanganye, kwani kuweka petroli kwenye gari la dizeli ni msiba wa siku nzima.

Asiyeendesha asikate tamaa. Alale Les Eyzies, ambako Font-de-Gaume na jumba la makumbusho yanafikika kwa miguu, kisha ahamie Sarlat akodi baiskeli. Reli ya zamani imegeuzwa njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 20, tambarare, inayoshuka hadi mto Dordogne.

Pa kulala

Nyumba ya kupanga kwa wiki inaitwa gîte, na majira ya joto nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Chumba nyumbani kwa mwenyeji, pamoja na kifungua kinywa, ni chambre d'hôtes. Familia ichukue ya kwanza, watu wawili wachukue ya pili, na wajue kwamba mwenyeji wa namna hiyo ana habari nyingi kuliko ofisi ya utalii. Kwa mwenye gari, Saint-Cyprien panafaa: ni katikati ya mabonde mawili, kuna stesheni, na Jumapili asubuhi kuna soko. Sarlat ni pazuri zaidi kutazama, ila kuegesha gari ni vita.

Ngome na mto, kwa siku moja

Siku hii ianzie Castelnaud saa ya kufungua. Ngome imekaa juu ya jabali, na ndani yake kuna makumbusho ya silaha za zama za kati, pamoja na mitambo mikubwa ya mbao ya kurushia mawe iliyosimamishwa ukutani. Watoto hutawatoa hapo kirahisi. Ukitazama ng'ambo ya mto unaiona Beynac, ngome nyingine juu ya jabali lingine. Kwa sehemu kubwa ya Vita vya Miaka Mia, Castelnaud ilikuwa upande wa Waingereza na Beynac upande wa Wafaransa, wakichunguliana hivyo kwa miongo. Vita yenyewe ilikwisha mwaka 1453 kwa pigano la Castillon, mbali kidogo kwenye mto huuhuu wa Dordogne.

Kilomita chache kutoka Castelnaud kuna kasri la Les Milandes, na hili ningekuomba usilipite. Lilijengwa mwaka 1489, lakini sababu ya kwenda ni Josephine Baker. Mcheza dansi na mwimbaji huyu Mmarekani mweusi alizaliwa katika ufukara Saint Louis, akawa nyota wa Paris, akapeleleza kwa ajili ya Wafaransa waliopinga utawala wa Wanazi, na mwaka 1947 akalinunua kasri hili. Hapa ndipo alipowalea watoto 12 aliowaasili kutoka nchi na dini mbalimbali, akitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba wanaweza kukua kama ndugu. Madeni yakamzidi, na mwaka 1969 akatolewa kwa nguvu. Kuna picha yake ameketi nje mlangoni kwa jiko, itafute. Mwaka 2021 Ufaransa ilimwingiza Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wa taifa jijini Paris, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Vyumbani utaona nguo zake za jukwaani na nishani za vita. Tenga saa mbili, pamoja na onyesho la ndege wawindaji bustanini.

Mchana nenda mtoni. Kampuni za kukodisha mitumbwi na kayaki zimepangana ukingoni. Mtindo ni kwamba unateremka na mkondo, ukimaliza unarudishwa kwa basi dogo hadi ulipoacha gari. Safari inayoanzia Vitrac au Cénac na kuishia Beynac inakupitisha chini ya La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya maji na jabali. Lazima ujue kuogelea, lazima uvae jaketi la kuelea, na simu iingie kwenye pipa la plastiki wanalokupa. Asiyetaka kulowa apande gabare, jahazi la mbao la tumbo bapa. Zamani yaliteremsha mbao na mvinyo kuelekea Bordeaux, siku hizi yanabeba watalii kwa muda wa saa moja hivi kutokea La Roque-Gageac. Jioni panda hadi Domme, mji wa ngome uliojengwa kwa amri ya mfalme mwaka 1281. Bonde lote liko chini yako.

Sarlat upe asubuhi ya Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Fika kabla ya saa tatu upate pa kuegesha. Sheria ya mwaka 1962 ya kulinda miji ya kale, nayo kazi ya Malraux yuleyule, ndiyo iliyouokoa mji huu usibomolewe. Sarlat ulikuwa wa mwanzo kunufaika.

Chakula, na saa zake

Jikoni wanapika kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Ukifika saa tisa utapewa kahawa na pole. Maduka madogo hufunga mchana pia, na Jumapili jioni na Jumatatu kijiji kizima kinaweza kukosa mgahawa, kwa hiyo nunua mkate, jibini na matunda mapema. Ukiingia dukani sema "Bonjour" kabla ya neno lolote. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo, ila Kifaransa kikiwa kigumu mtu hujisahau na kuanza kunyooshea vitu kidole.

Huu ni mkoa wa bata na bata bukini. Kwa Mwislamu hili linahitaji uangalifu kuliko anavyodhani: hata viazi, pommes sarladaises, vinakaangwa kwa mafuta ya bata, mchuzi hutiwa mvinyo, na nyama ya halali vijijini haipo. Kimanda cha uyoga ukiomba kipikwe kwa siagi, samaki wa trauti, saladi ya jibini la mbuzi, keki ya jozi na stroberi za msimu vitakushibisha. Na katika gîte una jiko lako. Samaki wapo sokoni.

Kutembea kwa miguu

Njia ndefu za taifa zina alama ya mstari mweupe juu ya mwekundu. Njia fupi za kuzunguka vijiji zina mstari wa njano. Ukiona mistari miwili imekatana kama X, umekosea njia, rudi. Majani marefu yana kupe, wengine wana maradhi. Vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna wawindaji msituni: vaa rangi kali, na ukikuta kibao cha Chasse en cours (uwindaji unaendelea), zunguka. Maji yakikuishia, makaburi mengi ya vijiji yana bomba mlangoni, yanywe kama hayana kibao cha eau non potable (maji yasiyofaa kunywa). Namba ya dharura ni 112.

Ukibakiwa na siku

Vuka hadi mkoa jirani wa Lot. Shimo la Padirac ni duara kubwa ardhini, kina chake mita 75, na chini yake kuna mto unaopitwa kwa mashua. Mchunguzi wa mapango Édouard-Alfred Martel aliteremka humo mwaka 1889. Tiketi inunuliwe mtandaoni, iwe ya asubuhi. Mchana uende Rocamadour, mji wa mahujaji ulioning'inia gengeni, wenye ngazi 216 ambazo mahujaji walikuwa wakizipanda kwa magoti hadi kwa sanamu ya Bikira Maria mweusi. Kuna lifti, na goti bovu si dhambi.

Siku ya kurudisha gari, angalia saa za ofisi: katika miji midogo inafungwa mchana na Jumapili nzima. Kama treni yako ni ya Jumapili, rudisha gari Jumamosi kabla ya saa sita, ujaze mafuta usiku wa kuamkia kwenye pampu ya supamaketi inayolipiwa kwa kadi, na uwe na kadi yenye namba ya siri.